MGENI NA MKATE WA MJI



 

Watu wa pwani wana methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema: mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yasema: ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Mzee huzitumia zote mbili kwa mtu mmoja katika siku moja, wala hapana amwulizaye ipi kati yake ndiyo ya kufuatwa. Asubuhi humuusia mwanawe anayesafiri kwenda kusoma kwamba asisahau kwao, na jioni humwambia akae na watu wa huko kama wakaavyo wenyewe. Basi kijana huondoka hali amechukua amri mbili zinazogombana, na mahali zinapokutana mara ya kwanza si msikitini wala darasani, bali ni mbele ya sahani.

Na mas-ala yenyewe ni haya. Mtu akihamia mji usio wake kwa ajili ya ilimu, je, kukipokea chakula cha mji huo ni jambo la ulimi tu, lisilo na hukumu wala adabu, au ni haki ambayo mji wamdai? Na akikikataa, je, huyo amehifadhi asili yake, au amefanya kiburi kisha akakipa kiburi chake jina la asili?

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba karatasi na wino vyafaa kutumiwa kwa mambo makubwa kuliko maharagwe. Walakini aliyewahi kulala na njaa katika chumba cha ugenini, na hali chakula kipo mlangoni, hatasema hivyo. Vijana wengi waliorudi makwao kabla ya kutimiza masomo hawakushindwa na nahau wala fikhi. Walishindwa na upweke, na upweke wa mgeni mara nyingi huanza pale anapokula peke yake.

Mfano na uwe wa Misri, na Misri imechaguliwa kwa makusudi, kwani huko hakuna shaka ya halali na haramu katika nyama ya sokoni, na kwa hivyo kijana hapati pa kujificha. Akisema "siwezi kula", hana budi kukiri kuwa asemaye ni tumbo lake, si dini yake. Msikiti wa al-Azhar ulianza kusaliwa mwaka 972, na kwa karne nyingi wanafunzi wageni walikaa humo katika riwaki zao kwa makabila na nchi zao: riwaki ya Wamaghribi, riwaki ya Washami, riwaki ya Waturuki, riwaki ya Majabarti waliotoka pande za Habash na Zaila, na nyinginezo. Kila mwanafunzi alikuwa na fungu lake la mikate iliyotolewa katika mali ya wakfu, na fungu hilo likiitwa jiraya. Baadaye, katika zama za Rais Gamal Abdel Nasser, wanafunzi wageni walijengewa mji wao khasa, uitwao Madinat al-Bu'uth. Ama vijana wa Unguja na Mombasa, wengi walikwenda Misri katika miaka ya 1950, na wengine waendelea kwenda hatta leo.

Basi achukuliwe kijana mmoja wa Mombasa, wa nyumba ya watu wa kadiri, anayeamka siku yake ya kwanza Cairo. Huletewa bakuli la ful. Nayo ni maharagwe makavu makubwa yaliyopikwa usiku kucha kwa moto mdogo katika chungu chenye shingo nyembamba. Na zamani vyungu hivyo vilifukiwa katika majivu ya moto wa tanuri za hamamu, hatta moto ule ule uliowapasha watu maji ya kuoga ukawaivishia na chakula cha asubuhi. Hutiwa mafuta na ndimu na bizari nyembamba, na huliwa kwa mkate wa duara. Kijana hutazama, akasema moyoni: haya ni maharagwe, na mtu hali maharagwe asubuhi. Naye husahau kuwa kwao, wiki iliyopita tu, alikuwa akila mbaazi za nazi kwa mahamri saa kama hiyo hiyo, na mbaazi na maharagwe ni jamaa moja. Kilichotofautiana ni nazi na mkono wa mpikaji.

Siku ya tatu huletewa mulukhiyya. Ni majani yaliyokatwa laini mno kwa kisu cha mpini miwili, yakapikwa katika mchuzi wa kuku au wa sungura, kisha yakamiminiwa vitunguu saumu vilivyokaangwa kwa giligilani. Wamisri hukipenda chakula hiki kupita kiasi. Na wanahistoria wamepokea kuwa Khalifa al-Hakim wa Wafatimi, aliyetawala tangu mwaka 996 hatta 1021, alikipiga marufuku, naye akapita na amri yake ikapita, na mulukhiyya ikabaki. Kijana akiinua kijiko huona utelezi, akakirejesha. Ampendaye akimwuliza kwa nini, hujibu kuwa kwao hakuna chakula kama hiki.

Jibu hilo si kweli. Mulukhiyya ni mlenda. Ni mmea ule ule unaoota mashambani nyuma ya miji ya pwani, na watu wa bara na wa mashamba huuchuma, wakaupika, wakala kwa ugali. Kijana hakuujua kwa sababu mezani kwao haukuwekwa, na haukuwekwa kwa sababu ulihesabiwa kuwa chakula cha watu duni. Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa dogo. Dharau iliyomzuia kula Cairo hakuipata Cairo; alitoka nayo Mombasa ndani ya sanduku lake, pamoja na kanzu zake. Alidhani yuawakataa Wamisri, kumbe yuamkataa mchuuzi wa mboga apitaye mlangoni kwao kila asubuhi. Safari haikumfanyia ila kumfunulia jambo alilokuwa nalo tangu zamani, na lau asingesafiri angelikufa nalo bila ya kulijua.

Itasemwa: lakini moyo haulazimishwi kupenda. Neno hili ni la haki, na Sunna yenyewe yalishuhudia. Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya nyama ya dhabb, yaani mjusi mkubwa wa jangwani, iliyoletwa imechomwa nyumbani kwa Bibi Maimuna, na Khalid bin al-Walid alikuwapo. Mtume (s.a.w.) alinyosha mkono, na alipoambiwa ni nyama ya nini aliurejesha. Khalid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa la, si haramu, lakini mnyama huyo hakuwako katika nchi ya kaumu yake, ndiyo maana nafsi yake haikumtaka. Khalid akaivuta nyama ile akaila, na Mtume yuamtazama.

Khabari hii yataka kuzingatiwa vizuri, kwani watu wa pande zote mbili huitumia vibaya. Yuko aisomaye akasema: basi na mimi naweza kukataa kila nisichokizoea. Na yuko asemaye: Khalid alikula, basi mtu na ale kila kitu. Mtume hakusema kuwa nyama ile ni mbaya, wala hakuwacheka walioileta, wala hakumzuia Khalid. Sababu ya kutoila aliiweka upande wa mazoea yake mwenyewe, hakuiweka upande wa nyama. Asemaye "sikuzoea" ametoa khabari ya nafsi yake, na hana makosa. Asemaye "hawa hula uchafu" ametoa hukumu juu ya watu, na huyo hana haki nayo, kwani chakula kilichohalalishwa na Mwenyezi Mungu hakiwi uchafu kwa sababu mama wa mtu hakukipika. Na imethubutu vile vile kuwa Mtume hakupata kukitia ila chakula kamwe: akikitamani alikila, na asipokitaka alikiacha.

Tena, kuacha sahani moja katika karamu moja si sawa na kuuacha mji mzima kwa miaka minne. Mtume alikaa karamuni, akala vilivyokuwa vingine pamoja na watu. Ama kijana aliyejifungia chumbani akipika wali kwa jiko dogo, na watu wa ngazi moja naye wanakula pamoja uani, huyo hakuacha dhabb, ameacha watu.

Na waliohamia Madina walikuwa na hali iliyo karibu sana na yake. Walitoka Makka, mji wa biashara usio na mashamba, wakaingia mji wa mitende na shairi na maji mengine na homa. Abubakar na Bilal waliugua, na Bilal katika homa yake alikuwa akitamani mabonde ya Makka na majani yaotayo humo. Hakukaripiwa kwa kuyatamani. Mtume aliomba Mwenyezi Mungu aipendekeze Madina kwao kama Makka au zaidi, na aitie afya, na abariki katika sa'i yake na mudd yake. Na sa'i na mudd, kama ajuavyo kila aliyesoma mlango wa zaka, ni pishi na kibaba. Katika dua moja ya kuwafanya wageni waupende mji, kimetajwa kipimo cha nafaka ya mji. Haikuombwa kwamba chakula cha Makka kiwafuate. Kiliombewa baraka kile kilichokuwako.

Abdurrahman bin Auf naye aliunganishwa udugu na Saad bin al-Rabi', mtu wa Madina, naye Saad akamtolea nusu ya mali yake. Hakuipokea. Alimwombea dua, kisha akauliza soko liko wapi, akaenda, na akarudi na faida ya samli na maziwa yaliyogandishwa. Wanafunzi wangelifanya vyema kulichukua swali lile kuwa la kwanza katika ugeni wao, kabla ya kuuliza wapi wakaa watu wa kwao. Mtu ajuaye bei ya vitunguu katika mji, na ajuaye ni muuza mboga gani mkweli na ni yupi atiaye kidole katika mizani, ameanza kuwa na mji. Lugha pia huipata huko, kwani Kiarabu cha vitabuni hakimfai mtu kitu mbele ya mwanamke wa Cairo auzaye figili.

Na katika lugha hiyo atakutana na neno la kumtuliza. Wamisri hawauiti mkate kwa jina lake la vitabuni, khubz. Huuita 'aysh, nayo maana yake ni uhai, na katika mzizi huo huo Waswahili walipata kuishi na maisha. Baadhi ya Waarabu wa Ghuba hulitumia neno hilo hilo kwa wali. Basi kila kaumu imekitazama chakula chake cha kila siku ikakiita uhai, na mgeni asemaye kwamba pasipo wali hapana maisha amesema maneno ya kila mtu duniani, ila amekosea nafaka. Katika Januari ya mwaka 1977 serikali ya Misri ilipotangaza kupunguza ruzuku ya vyakula, watu walijaa barabarani siku mbili, hatta amri ile ikafutwa. Asiyeujua mkate wao hawezi kuyaelewa mambo hayo, ijapokuwa amehifadhi matini zote.

Inabaki khofu ya wazee, nayo si ya kudharauliwa. Wao hawakhofu maharagwe. Wakhofu kuwa kijana akizoea kila kitu cha huko atarudi hali mwili ni wake na moyo ni wa watu, au hatarudi kabisa. Na methali ya wenye chongo ndiyo inayowatisha, kwani kwa kweli ni methali mbaya: yamwamuru mtu ajitie ila ili afanane na wenye ila. Lakini kula mkate wa watu si kujitoboa jicho. Mgeni haambiwi apunguze alichonacho, huambiwa aongeze. Imam Shafii, ambaye watu wa pwani wamfuata katika sala na ndoa na mirathi yao, alizaliwa Gaza mwaka 767, akalelewa Makka, akasoma Madina kwa Imam Malik, akakaa Yemen na Baghdad, kisha akahamia Misri, akafia huko mwaka 820. Alipofika Misri aliyatazama upya mengi aliyoyasema Iraki, akayabadili, ndiyo yaitwayo madhehebu mapya; na hayo mapya ndiyo yafuatwayo Lamu na Mombasa na Unguja, isipokuwa katika mas-ala machache. Hakuna aliyesema kuwa Imam alipoteza asili yake.

Ama khofu hiyo ina mahali pake pa haki, na mahali hapo ni Ulaya na Marekani na mfano wake. Huko swali la chakula si la mazoea tu. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal walimwandikia Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, wakamwuliza juu ya kuvaa kofia za Kizungu, na juu ya nyama ya ng'ombe waliopigwa shoka na Manaswara, na juu ya Shafii kusali nyuma ya Hanafi. Aliwajuzishia, na katika nyama alitegemea aya ya tano ya Surat al-Maida ihalalishayo chakula cha waliopewa Kitabu. Fatwa hiyo ilizua ugomvi mkubwa, na Rashid Rida akaitetea katika al-Manar. Wanazuoni wengi hawakuikubali katika mnyama aliyeuawa kwa kupigwa bila ya kuchinjwa, na Washafii khasa hushurutisha kuchinjwa. Mwanafunzi aliyeko huko ana haki ya kuuliza kabla ya kula, na kuuliza kwake si kiburi. Lakini yeye pia na ajitazame: akikataa nyama kwa ajili ya dini, asikatae pamoja nayo viazi na samaki na salamu ya jirani kwa kisingizio hicho hicho.

Na chakula cha kwao, je, akitupe? Hapana aliyesema hivyo. Sanduku alilofungiwa na mamake, lenye achari ya maembe na bizari iliyosagwa na visheti vilivyovunjika njiani, ni neema, na machozi aliyoyatoa alipolifungua si aibu kwake. Kosa ni kulifunga tena na kulisukuma mvunguni, akawa ala kidogo kidogo usiku kama mwizi. Mtume alimwusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi auzidishe maji, kisha awaangalie majirani zake. Kijana apikaye pilau siku ya Ijumaa akamwita bawabu wa nyumba na mwanafunzi wa Kimisri wa chumba cha pili, huyo ameitoa asili yake mahali ilipokuwa ikioza, akaiweka mahali itakapojulikana. Bawabu atakula, na huenda akasema kuwa bizari ni nyingi. Na aseme; naye pia ana ulimi wake na mazoea yake, na hadithi ya dhabb ni yake vile vile.

Watu wa pwani hawakuwa wageni wa adabu hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, naye ni kijana wa miaka 27, alishukishwa katika nyumba ya wanafunzi, na kadhi wa mji alikuwa mtu ambaye asili yake ni Misri. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli juu ya sinia kubwa la mti, na vitoweo vya kuku na nyama na samaki na mboga, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili na tangawizi mbichi na maembe. Akala, akaandika kila kitu, na embe akawaeleza watu wa kwao Maghribi kwa kuifananisha na tufaha lenye kokwa. Aliandika pia kuwa mtu mmoja wa mji ule hula kadiri ya chakula cha jamaa zima, na kwamba watu wake ni wanene kupita kiasi. Neno hilo lapendeza kusomwa na wenye mji, maana laonyesha kuwa mgeni aweza kula kwa shukrani na bado akawa na macho yake mawili.

Kiarabu cha hadithi kimeiwekea dhifa siku tatu, na Kiswahili nacho chasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi yuko katika siku hiyo ya tatu kwa miaka yote ya masomo yake. Na kuna usiku mmoja katika kila mwaka ambapo sharia humwuliza waziwazi yeye ni mtu wa wapi. Usiku wa kuamkia Idi humlazimu zaka ya fitri, pishi moja, nayo ni vibaba vine, katika chakula kiliwacho zaidi na watu wa mji aliomo jua la Ramadhani linapotua. Haikusemwa mji aliozaliwa. Hatta ikiwa babake ndiye amtoleaye, naye yuko Mombasa na ghala lake limejaa mchele, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa huangaliwa mji wa yule anayetolewa, si mji wa mtoaji, na maskini wanaostahiki ni wa mji huo.

Basi baba huandika barua akiuliza ni mchele kiasi gani autoe kwa ajili ya mwanawe. Na jibu hurudi kuwa si mchele, ni ngano, na kwamba hana haja ya kutoa huko: mwana ameshanunua pishi yake katika duka lililo nyuma ya msikiti, na ajua ni mlango gani wa kuipeleka.